Kwa Doyle Ledbetter, Kuhusu Ulichokivuta Siku Ile

Leo mwaka umetimia, Doyle, tangu asubuhi ile ya Machi ulipoingia ziwani mzima ukarudishwa kwetu juu ya machela, buti zako zikichuruzika maji. Tunakuandikia watatu: mkeo Maxine, binti yako Twyla na shemeji yako Garland. Watu wengine watasoma, na wasome tu. Wengi wao ulishawahi kuwatengenezea mashine ya kufulia na kukataa hata kahawa.

Tuanze na mikono yako.

Miaka thelathini na moja ulikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha soksi, kule Fort Payne, mpaka kilipofungwa. Wenzako walikuwa wakisema Ledbetter haangalii mashine, anaisikiliza kwa viganja. Ulikuwa unafumba macho, unaweka mikono miwili juu ya chuma kinachotetemeka, unasema, "Sindano ya tatu kutoka kushoto imepinda." Wakifungua, ni hiyohiyo.

Maxine alipovunjika bega ulimwosha nywele kwenye sinki la jikoni majuma sita mfululizo. Hukumwambia mtu. Yeye ndiye anayesema leo, na anasema hajawahi kushikwa kichwa na mkono mwingine unaojua kazi yake vile.

Hukuwa mtu wa maneno. Twyla aliporudi nyumbani akiwa na miaka thelathini na minne, ndoa imevunjika, masanduku mawili mkononi na uso usiotaka kuulizwa, hukumuuliza. Ulimwacha apumzike siku tatu. Siku ya nne ulimgongea mlango alfajiri. "Vaa soksi nene," ukamwambia. "Tunaenda." Ndani ya boti mlikuwa na chupa ya kahawa, biskuti za chumvi na soseji ndogo za kopo, na hicho ndicho mlichokula karibu kila Jumamosi kwa miaka minne.

Twyla alijua kuvua kwa minyoo tu, kama watu wengi waliokulia kando ya ziwa la Guntersville. Wewe ulimpa fimbo laini inayopinda na kisamaki bandia chekundu, kile chenye ulimi mdomoni unaokifanya kizame na kutetemeka kikivutwa, na ndoana mbili za kulabu tatu tatu tumboni. Akarusha, akakunja mshipi, besi, samaki anayewindwa sana ziwani kule, akakidaka. Twyla akainua fimbo kwa nguvu zake zote, kama wafanyavyo wavuvi wa kwenye televisheni. Kisamaki kikachomoka majini, kikapita mbele ya pua yako kikivuma, kikagonga ubavu wa boti.

"Unang'oa jino la nani?" ukamuuliza.

"Si ameuma, baba! Si lazima nimnase?"

"Alikuwa ameshanasa mwenyewe. Wewe umemnyang'anya chakula mdomoni." Ukamshika kifundo cha mkono. "Sikia. Kinavyokimbia kinatetemeka, unakisikia? Besi akikidaka, mtetemo unakatika. Au fimbo inakuwa nzito ghafla, kama umevuta taulo lililolowa. Hapo usishtuke wala usivute. Endelea kukunja mshipi kama vile hujui lolote. Iache fimbo ipinde, halafu zungusha kiuno taratibu, uipeleke pembeni. Basi. Ndoana zile ni kali, zinaingia zenyewe."

"Na nikichelewa?"

"Hutachelewa. Samaki hawa, watu wanawapoteza kwa pupa."

Ilimchukua msimu mzima kuelewa. Mwanamke aliyezoea kushtuka mlango ukifungwa alitakiwa kuhisi uzito kwenye fimbo na kutulia. Twyla anasema siku alipoweza kukaa pumzi nzima, fimbo imepinda, mwili wake haujaruka, ndiyo siku alipojua kwamba atapona. Alikuwa hajakwambia. Tunakwambia sasa.

Kisha ikaja sukari.

Ilianzia miguuni. Daktari alikukata kidole kimoja cha mguu wa kushoto, baada ya Krismasi akakata cha pili, nawe ukawa unatania kwamba hatimaye viatu vya kanisani vimekutosha. Sisi tulicheka. Hatukujua kwamba ganzi imeshapanda mikononi, maana hukusema. Maxine ndiye aliyegundua, mwezi wa Julai, mlipokuwa mnapika kifungua kinywa. Alisikia harufu ya nyama inayoungua na jikoni kulikuwa na mayai tu. Alipogeuka, kiganja chako kilikuwa kimelala juu ya kikaango cha chuma, nawe unaendelea kumweleza habari za mvua.

"Doyle! Mkono!"

Ukautazama kama mkono wa mtu mwingine. Ulipoona ngozi imebaki kwenye chuma, ulimwomba kitu kimoja tu: asimwambie mtu. Alikubali. Aliufunga mkono ule kila asubuhi na kila jioni mpaka ukapona, na watu walipouliza, alisema ulijikata na msumeno.

Lakini Twyla alikuwa anakaa nyuma yako kwenye boti. Mtu aliye nyuma yako anaona mengi.

Aliona mshipi wako ukiruka pembeni, ncha ya fimbo ikiinama mara moja, mara mbili, nawe unaendelea kukunja na uso wa mtu anayesubiri habari. Besi alikuwa anadaka, anaonja plastiki, anatema, anakwenda zake, nawe hujui alikuja. Baadaye ukaanza kuvuta. Ukigusa majani ya chini ya maji, unavuta kwa ghafla. Ukigusa jiwe, unavuta. Wakati mwingine hujagusa kitu, unavuta tu, mwili mzima unayumba, mguu wenye vidole vitatu unatafuta pa kukanyaga. Wewe, uliyeifundisha nusu ya wilaya hii isivute. Twyla alikuwa anainamia sanduku la ndoana, akijifanya anapanga.

Jumamosi moja ya Septemba alipaliwa na makombo ya biskuti, akakohoa. Sekunde ileile mshipi wako ulikuwa umesimama. Hatujui kama ulikisikia kikohozi au ulisikia kitu kingine, lakini ulizungusha kiuno taratibu, kama zamani, fimbo ikapinda mpaka kwenye kishikio, na besi wa ratili sita akaja juu anatikisa kichwa.

Ulimshika mdomo ukamwangalia muda mrefu kabla ya kumrudisha majini.

"Nimemsikia," ulisema. "Twyla, huyu nimemsikia."

Alikuona uso ule, Doyle. Jumamosi iliyofuata, mshipi wako uliposimama, alikohoa kwa makusudi.

Akaendelea Oktoba yote na Novemba yote, hadi baada ya mwaka mpya. Alijifunza kukohoa kwa namna nyingi ili usishtukie: mara kama mafua, mara kama mtu anayesafisha koo. Wewe ukawa unarudi nyumbani umenyooka mgongo. Kanisani uliwaambia wenzako kwamba mikono inarudi, kwamba daktari hajui kila kitu. Maxine alikusikia ukiimba bafuni, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu kiwanda kifungwe.

Twyla alimwambia mtu mmoja tu, Garland, mjomba wake, kwa sababu jambo lilikuwa limemlemea. Na Garland ameomba sehemu inayofuata tuiandike bila kuipunguza.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Februari, mezani kwenu, kuna kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Ulikuwa unaeleza besi wa wiki iliyopita, jinsi mtetemo ulivyokatika, jinsi ulivyongoja. Garland alikuwa amekunywa bia mbili, naye tangu ujana amezoea kukuchokoza.

"Mwombee binti yako asipone kifua, Doyle," alisema. "Siku akipata dawa ya kikohozi, utakufa njaa."

Alicheka peke yake. Ukaweka uma chini.

"Ana maana gani?" ulimuuliza Twyla.

"Mjomba anatania tu, baba."

"Nimekuuliza wewe. Ana maana gani?"

Twyla alimwangalia mama yake, naye Maxine, ambaye hakuwa ameambiwa ila alishaanza kuhisi, akaangalia sahani. Hapo ukaelewa. Tuliona unavyoelewa. Ulirudi nyuma Jumamosi moja baada ya nyingine, samaki mmoja baada ya mwingine.

"Tangu lini?"

"Septemba."

"Wote wale?"

"Si wote, baba."

"Wangapi nimewasikia mwenyewe? Nitajie hata mmoja."

"Yule wa kwanza," alisema. "Yule wa kwanza sikukusudia. Nilipaliwa."

"Lakini ulikohoa."

Ulinyanyuka, ukasukuma kiti mahali pake taratibu kama kawaida yako, ukasema, "Mmenifanya kikaragosi ndani ya boti yangu mwenyewe." Ukatoka. Garland alibaki na paja la kuku mkononi. Anasema mpaka leo hawezi kula kuku mezani pale.

Majuma matatu hukuzungumza na Twyla ila habari za lazima: takataka, gesi, barua. Yeye naye alikasirika. Kusema kweli tupu, alikasirika sana. Alikuwa amekuhurumia miezi sita na malipo yake yalikuwa mgongo wako. Jumamosi tatu hamkwenda ziwani. Ya nne, yeye yuko jikoni anakunywa kahawa, ulipita na ufunguo wa gari.

"Unaenda?" aliuliza.

"Naenda."

"Nije?"

Ulisimama mlangoni. "Sina haja ya daktari wa kifua," ulisema.

Ndiyo maneno ya mwisho uliyomwambia. Alisikia gari likiondoka na tela la boti likigongagonga kwenye mashimo ya njia. Baadaye alitoka kwenda kuweka nguo kwenye mashine, huko gereji, akaliona jaketi lako la kuelea, lile nene la baridi, limening'inia kwenye msumari. Kutoka hapo hadi pale mnaposhushia boti ni dakika kumi na moja kwa gari. Alilishika. Alifika nalo mpaka mlangoni. Halafu akasema kwa sauti, peke yake, "Na apigwe na baridi kidogo," akalirudisha.

Hilo alikaa nalo miezi minane. Alilisema mezani mwezi wa Novemba, akidhani mama yake atamfukuza. Maxine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nililiona kabla yako," alisema. "Nilipokwenda kumwaga takataka. Nikafikiri, mwanamume wa miaka sitini na nne, nikimkimbilia na jaketi ataniona nami nimemfanya mtoto."

Kisha akammiminia binti yake kahawa.

Sasa tufike ziwani. Hatukuwepo, ila mtu mmoja alikuwepo. Anaitwa Amos Tidmore, mzee wa miaka sabini na miwili anayevua kambare kutoka kwenye mawe ya kando ya daraja, na kiti chake cha kukunja. Hukuwa unamfahamu. Anasema ulimpungia mkono ulipopita, akakupungia. Ulisimamisha boti hatua kama mia kutoka alipokaa, ukapanda mbele, ukaanza kurusha.

Anasema ulikuwa unarusha vizuri, na kwamba ilikuwa raha kukuangalia.

Kama saa tatu hivi alikuona umesimama ghafla. Ukavuta fimbo juu kwa nguvu. Ukalegeza, ukavuta tena. Mara ya tatu uliegemeza mwili wote nyuma, na mshipi ukakatika. Alisikia mlio wake, anasema, kama mtu amevunja kijiti. Ukarudi nyuma hatua mbili na ya tatu haikuwa na mahali pa kukanyaga.

Uliibuka mara moja. Koti lako la pamba lilikuwa limejaa maji. Mzee Tidmore alikupigia kelele ushike boti, na uliinyooshea mikono, na anasema mikono iligusa ukingo. Iligusa, Doyle. Ikateleza kama haijui imegusa nini. Yeye akaingia majini na viatu vyake mpaka maji yakamfika kifuani, akakosa pa kukanyaga, akarudi. Aliingia tena. Vijana wawili wenye boti walipokuja, walimtoa yeye kwanza, kwa kuwa alikuwa anazama, kisha wakakutafuta wewe. Walikupata baada ya dakika ishirini na tano.

Kwenye mazishi alikuja na suti iliyombana, akamshika Maxine mikono miwili.

"Bi Ledbetter," alisema, "nataka ujue alikuwa amemnasa. Mkubwa. Sijawahi kuona fimbo imepinda vile. Aliondoka akiwa na samaki wake."

Maneno yale yalitulisha majira yote ya kiangazi. Maxine aliyarudia kwa kila aliyemletea bakuli la chakula. Twyla aliyashika kuliko wote, maana kama ulikuwa na samaki, basi ulimsikia mwenyewe, na hakuna aliyekohoa.

Novemba, siku chache baada ya mambo ya jaketi kusemwa, maji ya ziwa yalikuwa yameshuka. Garland alichukua boti ya jirani akaenda mahali alipoonyeshwa na mzee Tidmore. Hakutuaga. Anasema alitaka tu kukaa pale. Akaona kisiki kimejitokeza juu ya maji kiasi cha kiganja, na ubavuni mwake kuna kitu chekundu. Ndoana zote za mbele zilikuwa zimezama kwenye mti, zimezama mno, maana zilivutwa mara tatu na mtu mwenye nguvu. Kipande cha mshipi kilikuwa bado kimefungwa, na fundo lilikuwa lako. Alikitoa kwa koleo akaja nacho ndani ya kitambaa.

Alimwita Twyla uani kwanza. "Tukitupe," alimwambia. "Dada asijue. Inamsaidia nani?"

Lakini Maxine alikuwa amewaona kupitia dirishani, akatoka na aproni yake. "Fungua hicho kitambaa, Garland."

Akafungua. Maxine alikiangalia. Alikuwa mke wako miaka arobaini, hakuhitaji kuelezwa.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye kisiki, dada."

"Kimekwama?"

"Kimekwama."

Aliketi kwenye ngazi za nyuma. Garland akaanza kusema kwamba labda samaki alikuwepo, akakimbilia kwenye kisiki, akajinasua, jambo hilo hutokea. Maxine akamnyamazisha kwa kiganja.

"Nilimficha mkono wake kwa watu," alisema. "Mtoto huyu akamficha ukweli wa samaki. Wewe ukaficha, halafu ukashindwa kuficha. Wote tulikuwa tunamhurumia. Mtu alikaa miezi ndani ya nyumba yake hajui nini ni kweli." Akajifuta uso kwa aproni. "Simfichi tena. Mwaka ukifika tutamwandikia, na tutamwandikia yote."

Twyla alikwenda kwa mzee Tidmore kumuuliza. Alimkuta kwenye mawe yake. Hakupinga. "Nilijua siku ileile, mwanangu," alisema. "Samaki hutikisa. Alichokuwa anakivuta baba yako hakikusogea hata kidogo. Lakini mama yako alikuwa ananitazama, ningesema nini?"

Kwa hiyo, Doyle, hakukuwa na samaki. Kilikuwa kisiki. Ulikivuta mara tatu kwa nguvu zako zote kwa sababu mikono yako haikuweza tena kukwambia tofauti, na sisi tulioweza kukwambia tulikuwa nyumbani.

Twyla hajapanda boti tangu wakati huo. Boti iko chini ya turubai, na majani ya mwaka mzima yamelala juu yake. Maxine bado anaweka vikombe viwili asubuhi, kisha anarudisha kimoja. Garland ameacha bia, jambo ambalo ungelitania mpaka akasirike. Hatukuandikii haya ili utusamehe. Ulipenda kuambiwa mashine imeharibika wapi, hata kama haitengenezeki.

Wanaokukumbuka: mkeo Maxine, binti yako Twyla, shemeji yako Garland Upchurch, wenzako wa chumba cha mitambo waliobaki hai, na Amos Tidmore, ambaye si ndugu, lakini aliingia majini mara mbili, na ameomba jina lake liwekwe hapa.

Hutatoka mioyoni mwetu, Doyle, siku zote tulizobakiziwa.